Ufunguo wa Pili

Kisanduku chetu kina kufuli tatu.
Ufunguo wa kwanza anao Bi Chausiku,
wa tatu anao Mwanakheri, binti wa fundi saa.
Wa pili ni wangu.
Nimeufunga kwenye pindo la kanga,
palepale mama alipokuwa akifunga senti zake,
baba akidhani ana hazina
mpaka siku ya kumwosha maiti, fundo likafunguliwa:
zilikuwa za chumvi tu.

Jumatano, adhuhuri ikishaswaliwa,
tunakaa barazani kwa Bi Chausiku, hapa Kigombe,
miguu tumeinyoosha, magauni juu ya goti,
tunasokota katani kwenye paja.
Ukitaka kumjua msusi usimtazame vidole,
ulizia paja lake:
halina hata unywele.

Katani hii naijua.
Babu yangu Mhina aliikata kwa kipande,
majani thelathini kila mzigo,
mzigo ukipungua jani, siku nzima haikuandikwa.
Mwiba wa ncha ulimtoa jicho la kushoto.
Akasema mkonge hauna shukrani,
akarudi kesho yake kuukata kwa jicho lililobaki.
Mimi naununua kwa kilo,
na mzani naushika mwenyewe.

Mnunuzi wa kwanza alitoka mjini.
Akakipindua kikapu changu juu chini
kama atafutaye tundu kwenye ndoo ya kuazima.
Akasema, elfu sita.
Semeni, ambaye kikaoni hajawahi hata kukohoa,
akauliza: Wewe ukifika huko unauza ngapi?
Akacheka.
Tukamwacha acheke, tukaanza kuhesabu mbele yake:
siku nne za kusokota,
moja ya kuchemsha rangi, na manjano hayaokotwi,
tatu za kusuka,
kuni, nauli, mgongo.
Mgongo tukauandika elfu moja
kwa kuwa hatukujua bei yake.
Jumla, elfu kumi na nane.
Akawasha gari.

Wiki tatu hatukuuza kitu.
Panya walikula mshikio wa kikapu kizuri kuliko vyote.
Nisikufiche, wiki ya pili nililia jikoni
nikasingizia kitunguu,
na siku hiyo tulipika dagaa bila kitunguu.
Wiki ya nne honi ikalia nje.
Akataka hamsini.

Sasa habari zina miguu.
Mwinjuma, mume wangu, akazisikia kijiweni,
akarudi na sauti ya asali:
Nipe elfu themanini, tairi la pikipiki limekwisha.
Nikamwambia, sanduku lina kufuli tatu, bwana,
mimi ni theluthi tu ya mlango.
Akanuna. Siku mbili alikula
bila kuusifu mchuzi wala kuubakiza.

Jumatano akaja, viatu mkononi,
akasimama mbele ya wanawake kumi na tisa.
Mwanakheri akafungua daftari.
Jina? akauliza,
kana kwamba hakucheza harusini kwetu mpaka kisigino kikavimba.
Akalitaja.
Kazi? Bodaboda.
Mdhamini?
Akanitazama. Niliona koo lake likipanda na kushuka.
Nikasema bila kuinua kichwa, nyuzi zisinitoroke:
Andika. Namdhamini mimi.

Kidau cha wino kilikuwepo, kwa wenye kuweka dole.
Nikakisogeza pembeni.
Mwanamkasi, niliandika,
polepole, ulimi nje kama mtoto,
ile M ya kwanza mguu wake mmoja mrefu,
mkali kama mwiba wa jani.
Mwinjuma akasoma kichwa chini.
Alilipa kwa miezi mitatu, na riba yake.
Mwezi wa pili alichelewa siku moja
tukamtoza faini; nilipiga kura nami.

Nikifua kanga
nafungua fundo, naweka ufunguo kinywani
kama wafanyavyo mafundi kwa misumari.
Ladha yake ya chuma, ya chumvi.
Kwenye pindo umeacha doa la kutu,
mviringo mdogo usiotoka kwa sabuni.
Jirani amenielekeza ndimu.
Nimemshukuru.
Ndimu nimekamulia samaki.